Habari za Darasa kwa Mama Aliye Mbali

Mwalimu mkuu ndiye aliyetaka kila darasa liwe na kikundi cha wazazi kwenye simu, na mimi ndiye niliyenung'unika kuliko walimu wote. Nilikuwa nafundisha gredi ya kwanza katika shule moja ya msingi, juu kidogo ya Runyenjes, pale kahawa inapoanza kuyaachia majani chai nafasi. Miaka yote nilikuwa nimewapasha wazazi habari kwa njia nilizozizoea. Mtoto anatumwa nyumbani na ujumbe mdomoni. Mama mtu tunakutana sokoni. Au baada ya ibada ya Jumapili mzazi ananishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu, wangu anaendelea aje?" Namwambia anaendelea vizuri, ila anapenda kuongea kama redio. Tunacheka, yanaisha. Sasa nikaambiwa nipige picha, nieleze watoto wamejifunza nini, nitangaze siku ya michezo na siku ya kuleta kikombe cha uji.

Wazazi wenyewe hawakuwa na mengi ya kujibu. Mtu ameshinda kwenye majani chai tangu alfajiri, vidole vimegeuka vyeusi. Atakachokuandikia ni "Amina", basi. Nilikuwa nimeshaanza kuzembea kazi hiyo ulipoingia ujumbe kutoka kwa nambari ngeni, ndefu, isiyo ya hapa Kenya.

"Mwalimu, mimi ni mama ya yule msichana anaandika na mkono wa kushoto. Anakaa na mama yangu. Mimi niko Uarabuni, nafanya kazi ya nyumba. Kama si ubaya usiniandikie, nitumie sauti. Nataka nisikie vile darasa hukaa."

Msichana huyo nilimjua vizuri, kwa sababu katika darasa langu ni yeye peke yake aliyetumia mkono wa kushoto, na kila mara kiwiko chake kiligombana na cha jirani yake. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini sauti yake nzito, kama imeazimwa kwa dada mkubwa. Akiandika alitoa ncha ya ulimi. Nyanya yake, ambaye sote tulimwita cucu, alikuwa amenieleza habari zao siku ya kuandikisha watoto. Baba aliondoka mapema na hakutafutwa tena. Mama aliondoka baadaye, mtoto hajajua kuunganisha maneno mawili. Aliondoka asubuhi mtoto angali amelala, kwa sababu alisema akimwona macho hataweza kuinua mguu.

Kesho yake nikaweka simu mezani na kuiacha inase sauti. Darasa zima likasoma ba, be, bi, bo, bu, huku kiti kikiburutwa, mtu akikohoa, mwingine akimshtaki mwenzake kwamba amemchukulia kifutio. Nikamwita yule msichana mbele, nikamwambia asome peke yake. Akavuta sweta, akasimama wima, akasoma. Alipomaliza akaniangalia.

"Nimepata ngapi, mwalimu?"

"Huu si mtihani," nikamwambia. "Ni mama yako atasikiza."

Akatikisa kichwa vile mtoto hutikisa anapokubali jambo la watu wazima, akarudi kwenye dawati lake.

Jibu halikuja siku hiyo wala siku iliyofuata. Lilipokuja lilikuwa la kunong'ona, na nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika mfululizo.

"Mwalimu, nimesikia. Nimerudia mpaka nimeshika. Huyo anakohoa ni yeye? Na hiyo sauti ni yake kweli? Imekuwa nzito hivyo?"

Baadaye nilikuja kuelewa yale maji. Simu yake ilikuwa ikiwekwa na mwenye nyumba, na alipewa jioni moja tu ya wiki. Alijifungia bafuni, akafungua mfereji ili asisikike akilia au akicheka, akasikiliza darasa langu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tangu hapo nikaacha kunung'unika. Nilianza kuliangalia darasa kwa niaba yake. Ukiwa umefundisha miaka mingi, kuna mambo huyaoni tena. Mimi nikarudi kuyaona. Nilimweleza tulivyopanda maharagwe kwenye mikebe, na jinsi binti yake alivyokuwa akiufukua mchanga kila asubuhi kuangalia kama yameota, mpaka yakaoza yake peke yake. Nilimweleza tunavyohesabu kwa vifuniko vya soda. Nilimnasia siku mtoto aliposoma hadithi nzima ya kuku aliyekataa kutagia kwenye kiota, bila kusaidiwa hata neno moja. Siku jino la mbele lilipong'oka nilimnasia mara mbili neno "sisimizi", kabla na baada.

Naye alikuwa na maswali. Anakaa dawati la ngapi? Jirani yake ni nani, ni mpole? Mlango uko upande gani? Akiinua kichwa anaona nini?

"Asubuhi kama hakuna ukungu," nikamwambia, "anauona mlima."

"Basi anaona kitu nilikuwa naona," akajibu. Maji yakaendelea kumwagika kwa muda kabla hajakata.

Simu ya cucu ilikuwa ile ndogo ya vitufe, haikuweza kupokea sauti hizo. Kwa hiyo Jumamosi nikawa napita kwake, njia ya katikati ya mashamba ya kahawa, simu yangu mfukoni. Mimi si wa huku. Nimezaliwa upande wa Muthara, na Kimeru changu na Kiembu chake vilikuwa vinaelewana kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti; alinicheka, nikamcheka. Wanangu walikuwa wamekua na kuondoka, na nyumba niliyopanga Runyenjes ilikuwa kimya mno siku za mapumziko. Cucu alikuwa akiniwekea kigoda karibu na jiko, ananipa uji, kisha anapangusa mikono kwa leso ndipo niwashe ile sauti ya binti yake.

Aliisikiliza ameinamisha kichwa. Wakati wa kujibu alipiga kelele kana kwamba binti yake yuko ng'ambo ya bonde.

"Sisi tuko sawa! Ng'ombe amezaa! Usijinyime chakula huko!"

Kisha alimwita mjukuu, ambaye alikuwa nje anaruka kamba. "Kuja uongee na mama yako."

"Nilisoma jana," msichana akajibu bila kuacha kuruka.

Cucu akaniangalia, nikaangalia uji wangu. Wote wawili tulikuwa tumesikia alichosema. Kwa mtoto yule, mama alikuwa kitu kilichomo ndani ya simu ya mwalimu, kitu unachokisomea hadithi ya kuku halafu unaruhusiwa kwenda kucheza.

Siku ya wazazi ilipofika niliona nitafute dawa. Mkataba wa mama ulikuwa umekwisha na wakamwongezea mwingine, na kwa sababu hiyo alikuwa amepewa ruhusa ya kushika simu mchana mara moja moja. Tukapanga kwamba nitampigia simu ya picha, ili aone watoto wakitoa shairi. Nikamweka cucu mstari wa mbele na kofia yake ya kanisani. Wazazi wengine walikuwa wamejaa madirishani. Mtandao ukakataa, ukakubali, ukakataa tena, na hatimaye uso ukatokea: mwanamke aliyefunika nywele, amekonda mashavu, anatabasamu kwa nguvu.

Nikainama, nikamgeuzia msichana simu. "Msalimie."

Mwezi mzima nilikuwa nimewafundisha watoto jinsi ya kupokea watu siku hiyo, na hakuna aliyejifunza kwa bidii kumshinda huyu. Akaweka mikono nyuma, akainua kidevu.

"Karibu, mgeni wetu."

Watu wakacheka, wakafikiri ni utundu. Mama akacheka pia. Nikamwona anacheka, halafu picha ikaganda hivyo hivyo, mdomo wazi, macho yametazama pembeni, na haikusonga tena mpaka nikakata. Cucu alikuwa amevua kofia na kuiweka magotini. Shairi likatolewa, tukapiga makofi.

Jioni ile nilipata ujumbe mfupi. "Ametoa salamu vizuri, mwalimu. Umemfundisha vizuri."

Msimu wa baridi uliofuata cucu akaanza kukohoa. Mara ya kwanza alisema ni moshi. Mara ya pili nilimkuta amelala mchana, na yule msichana amekaa mlangoni, anasoma kwa sauti kitabu cha shule ili nyanya asilale sana. Mwanawe wa kiume, mjomba wa mtoto, alimpeleka hospitali Embu. Cucu hakurudi.

Mjomba ndiye aliyempigia dada yake. Kule alikokuwa akaambiwa mkataba ni mkataba, na kwamba hata akienda atakuta ameshazikwa. Tulimzika cucu mvua ikinyunya, karibu na kahawa yake. Msichana alivaa sweta la shule kwa sababu ndilo lililokuwa zuri kuliko nguo zake zote. Aliposimama kando ya mke wa mjomba wake alikuwa kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Simu yangu haikutoka mfukoni siku hiyo. Sikuona cha kunasa.

Sauti ya mama ilinijia siku mbili tatu baadaye. Maji hayakuwa yakimwagika safari hii. Nadhani hakujali tena kusikika.

"Mwalimu, hao wengine wote wameniambia ya mazishi. Ndugu yangu ameniambia, jirani ameniambia, pasta amenitumia mpaka picha ya jeneza. Wewe nakuomba usiniambie hayo. Wewe niambie ya shule."

Nilikuwa nimeketi darasani, watoto wameshaenda. Nikabonyeza pa kunasia sauti. Kisha nikasema, leo tulipima maji. Tulikuwa na kopo, chupa na sufuria, tukaangalia kipi kinajaza kipi. Nikasema watoto walilowa, nikawatoa juani wakauke.

Akajibu papo hapo. "Na yeye alipima?"

"Alipima. Alimwaga kidogo."

"Alimwaga na mkono gani?"

"Wa kushoto, mama."

Ndipo akalia. Alilia mpaka mwisho wa ujumbe, na ujumbe mwingine ukaja nao ni kilio tu, wa tatu vilevile. Nilizisikiliza jumbe zote. Sikujua namna nyingine ya kukaa naye.

Mtoto akahamia kwa mjomba. Mke wa mjomba alikuwa mtu mwema mwenye watoto wake na mzigo wake. Alimlisha, alimwosha, hakumpiga. Lakini sasa hakukuwa na mtu wa kumsimulia mambo. Kwa hiyo yale aliyokuwa akimsimulia cucu jioni, akaanza kuniletea mimi asubuhi. Alifika mapema, akasimama kando ya meza yangu, na kwa ile sauti yake nzito akanimwagia yote: ndoto aliyoota, nyoka waliyemwona kwenye majani ya ng'ombe, binamu aliyekojoa kitandani. Nilipopandishwa na darasa lile hadi gredi ya pili, kisha ya tatu, alikuwa ameshazoea hivyo. Na mimi nikayachukua yale, nikampelekea mama yake.

Alirudi bila kutuambia. Tulikuwa kwenye somo la Kiswahili, asubuhi, nikasikia boda boda ikisimama nje ya lango. Baada ya muda mwanamke akatokea mlangoni, amevaa gauni jipya lenye mikunjo ya sanduku, mikono mitupu. Hakuuliza kitu. Hakuangalia huku na huku. Alipita kati ya madawati moja kwa moja, dirisha la pili, dawati la tatu, akapiga magoti.

Nilijua ni nani kabla hajafungua mdomo.

"Ni wewe," akasema. "Ni wewe ulisoma ya kuku. Maharagwe yako yalioza kwa sababu ulikuwa unayafukua. Unaogopa nyoka wa kwenye majani. Uliota umepaa juu ya kanisa."

Msichana alimwangalia yule mwanamke, halafu akageuka akaniangalia mimi. Uso ule sijausahau. Alijua kwamba ndoto ile aliniambia mimi peke yangu. Akateleza kutoka kwenye dawati, akaja mbele, akaingia nyuma ya sketi yangu na kuishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "huyu ni nani?"

"Ni mama."

"Mama wa nani?"

Yule mwanamke alikuwa bado amepiga magoti mbele ya dawati tupu. Akainuka polepole, akapangusa vumbi la gauni. "Wacha amalize somo," akaniambia. "Nitangoja nje." Akangoja chini ya dirisha mpaka kengele ya mchana.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwetu sote watatu. Alikodi chumba karibu na soko, akamchukua mtoto, na mtoto akaenda kama anavyokwenda mtu aliyeambiwa na serikali. Hakulia, hakubisha. Alikula alichopewa. Jioni mama akija kumchukua, msichana alikuwa akitembea hatua kadhaa nyuma yake, na mama akipunguza mwendo, naye anapunguza. Asubuhi aliendelea kuja kwenye meza yangu.

"Kamwambie mama hiyo," nilianza kumwambia.

"Hapana. Ni yako."

Nilifanya nilichokuwa nimefanya miaka yote. Mama alipokuja langoni nilimpa habari za siku: amesoma nini, amecheza na nani, ameniambia nini asubuhi. Alisikiliza akitikisa kichwa. Halafu jioni moja akaniwekea mkono begani kabla sijaanza.

"Mwalimu, nakuheshimu sana. Bila wewe ningekuwa wazimu kule. Lakini nakuomba usiniambie tena."

Sikumwelewa. "Nisikuambie nini?"

"Chochote. Namjua huyu mtoto kuliko mzazi yeyote hapa anavyojua wake. Najua hata hesabu anakosea ni ya kutoa kwa kukopa. Na yeye hanijui hata rangi ninayopenda. Nikiuliza 'shule ilikuwa aje' ananiangalia tu, kwa sababu anajua tayari nimeambiwa. Wacha nisijue. Labda siku moja atachoka kuninyima."

Usiku huo aliondoka kwenye kikundi cha wazazi. Niliona ule mstari mdogo unaosema nambari fulani imetoka, na nikaketi nayo kama mtu aliyepokea habari ya kifo. Nilikuwa nimezoea. Darasani jambo likitokea, kidole bado kilikwenda chenyewe kwenye simu.

Na msichana nikamfungia mlango asubuhi, nikitaka amwendee mama yake. Nilimwambia nina kazi nyingi, asubiri na wenzake nje. Siku za kwanza alisimama kwenye kizingiti. Kisha akaacha kuja mapema. Sijui kama yale aliyokuwa akiniletea alimpelekea mama au alijifunza kukaa nayo. Hakuna aliyeniambia, na nilikuwa nimekubali nisiulize.

Muhula ulipoisha mama akaja kuomba uhamisho. Alikuwa amepata kazi kwenye duka la vitambaa mjini Meru. Nikaijaza ile karatasi, nikaandika kwamba mtoto anasoma vizuri na ana adabu. Msichana alinipa mkono kwa heshima, kisha akanikumbatia kiunoni kwa ghafla, akaniachilia, akaenda.

Disemba, nikiwa njiani kwenda kwetu Muthara, niliteremka Meru na kuwatafuta. Walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Kinoru, upande wa nyuma wa uwanja wa michezo. Msichana alikuwa amerefuka. Alinisalimia, akaniletea kikombe cha chai, akaketi kwenye kona yake na daftari, mkono wa kushoto umeukunjia ukurasa kama ukuta. Hakunisimulia kitu. Niliona anamwita mama yake "wewe".

Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Mwishowe nikashindwa kujizuia.

"Shule mpya anaendelea aje?"

"Sijui, mwalimu," akasema. "Nimemwambia mwalimu wake asiniambie kitu, isipokuwa ameumia au ni mgonjwa. Alinishangaa. Juzi nilikuwa naosha vyombo, yeye mwenyewe akasema, 'Leo tulikula maharagwe.' Basi. Niliacha maji yakamwagika, nikangoja aongeze. Hakuongeza."

"Na ulimjibu nini?"

"Nilisema, 'Yalikuwa matamu?' Akasema, 'Hapana.'"

Alicheka kidogo, akapangusa macho kwa kiganja. Nilitaka kumwambia kwamba huko ni kuanza, kwamba watoto huanza hivyo, kwa maharagwe. Lakini mimi mwenyewe sikuwa na uhakika, na nilikuwa nimemwambia mengi sana maishani mwake.

Nyuma yetu mlango ulifunguliwa. Ile sauti nzito ikatufikia juu ya kelele za boda boda.

"Kichongeo kiko wapi?"

Hakutaja jina, wala mama, wala wewe. Lakini mwanamke aligeuka papo hapo, akasahau hata kuniaga, akaanza kukimbia kurudi nyumbani, viatu vikimtoka. Nikasimama kando ya barabara nikimwangalia mpaka alipoingia ndani na mlango ukafungwa. Kisha nikaendelea na safari yangu.